Jikoni na Wasomaji: Parkin ya Yorkshire katika Meko ya Magharibi

Katika toleo lililopita tuligusia kwa ufupi keki za tangawizi zinazookwa majumbani kaskazini mwa Uingereza, na barua zilizotufikia tangu hapo, nyingi zikitoka Kisumu, Nakuru na kaunti za magharibi, zinauliza juu ya moja tu kati yake, nayo ni parkin. Nimeona ni haki safu nzima ya mwezi huu iwe ya keki hiyo.

*Shikamoo Mama. Wifi yangu anaishi Leeds, na alipokuja nyumbani Desemba alitubebea keki nyeusi inayonata, yenye ukali wa tangawizi, ambayo aliiita parkin. Watoto waliimaliza kabla ya jua kutua. Nimetafuta mapishi yake, nikakuta yanataka shira nyeusi ambayo sijaiona katika maduka ya hapa, pamoja na oti zilizosagwa kwa namna nisiyoielewa. Hii ni keki ya aina gani, na je, ninaweza kuioka kwa vitu vinavyopatikana Kisumu? — Msomaji, Milimani, Kisumu*

Marahaba, mwanangu. Parkin ni keki ya Yorkshire na Lancashire, maeneo ya kaskazini ambako baridi na mvua nyingi ziliifanya ngano iwe zao la mashaka, hivi kwamba kwa karne nyingi chakula cha watu wa kawaida kilikuwa oti. Shira nyeusi, ambayo ni masalio ya kusafisha sukari, ilikuwa utamu wa bei nafuu kwa wasiomudu sukari nyeupe, na hatuwezi kuitaja bila kukumbuka kwamba katika karne ya 18 miwa ya sukari hiyo ililimwa na Waafrika waliotiwa utumwani katika visiwa vya Karibi. Oti, shira na tangawizi vilipokutana katika jiko la maskini, parkin ikazaliwa. Ilikwisha kuwa chakula cha kawaida kufikia mwaka 1800, kwani Dorothy Wordsworth, dada yake mshairi William Wordsworth, aliandika katika shajara yake ya Novemba mwaka huo kwamba alikuwa akiioka nyumbani kwao Grasmere. Hadi leo huliwa hasa tarehe 5 Novemba, usiku ambao Waingereza huwasha mioto mikubwa nje kukumbuka njama ya mwaka 1605 ya kulipua Bunge, ambayo Guy Fawkes, mzaliwa wa York, alikamatwa akiilinda baruti yake.

Ninaieleza asili hii kwa sababu ndiyo inayokuonyesha kipi unaweza kubadilisha na kipi huwezi. Siagi, maziwa na yai ni vitu vilivyoongezwa kadiri hali za watu zilivyoboreka, kwa hiyo unaweza kuvipunguza au kuvibadilisha bila kuiharibu keki. Oti na utamu mweusi wa miwa ndio mwili wake, na ukiviondoa utapata keki nzuri ya tangawizi ambayo si parkin. Nawe unaishi katika ukanda wa miwa! Sukari guru inayopikwa katika viwanda vidogo vya magharibi bado ina sehemu kubwa ya ule weusi ambao kiwanda kikubwa huuondoa, na ingawa jina lake limechafuliwa na wanaoitumia kupikia chang'aa, kwa mwokaji ni kitu cha thamani. Chagua bonge lenye rangi ya kahawia iliyokolea, kwa maana lile la manjano hafifu huenda limepaushwa kwa dawa, na ladha yake huwa nyepesi.

Shira ipikwe hivi. Paruza gramu 220 za sukari guru, uitie katika sufuria pamoja na mililita 70 za maji na kijiko kimoja cha chai cha maji ya limau, kisha uiyeyushe kwa moto mdogo. Limau si la ladha: asidi yake huivunja sehemu ya sukari ikawa glukosi na fruktosi, ambazo huizuia shira isigande chenga na baadaye huishikilia unyevu ndani ya keki. Ikishayeyuka yote, ichuje kwa kitambaa safi, na usiiruke hatua hii, maana utastaajabu kuona nyuzi za miwa na chembe za mchanga zinazobaki kwenye kitambaa. Irudishe motoni ichemke polepole kwa takriban dakika 5, mpaka ukiinua kijiko ianguke kwa utepe mzito badala ya matone. Wifi yako atasema inakosa uchungu kidogo wa shira ya kwao, naye atakuwa amesema kweli. Uchungu huo utaupata kwa kuunguza vijiko viwili vikubwa vya sukari katika sufuria kavu mpaka vipate rangi ya kahawa, kisha kuvizimua kwa vijiko viwili vya maji ya moto, huku umeugeuza uso pembeni kwa sababu vitaruka, na kuvichanganya na shira yako.

Kuhusu oti, zile zilizobanwa zinazouzwa kwa ajili ya uji zinafaa kabisa. Zisage kidogo katika blenda au zitwange katika kinu, ukikoma wakati chembe bado zinahisika baina ya vidole, kwa kuwa oti zikiwa laini kabisa huifanya keki iwe nzito na ya kugandamana. Utahitaji gramu 200 za oti hizo, gramu 200 za unga wa ngano wa kawaida, gramu 120 za siagi, gramu 80 za sukari ya kahawia, shira yote uliyoipika, vijiko vinne vya chai vya tangawizi kavu ya unga, nusu kijiko cha kungumanga, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa cha bekingi soda, chumvi kidogo, yai moja na mililita 150 za maziwa.

Yeyusha siagi, sukari na shira pamoja kwa moto mdogo bila kuchemsha, epua, umimine maziwa, kisha utie oti na uziache zinywe kwa dakika 20 huku mchanganyiko ukipoa. Mapishi mengi hayakupi nafasi hii ya kungoja, lakini mimi naishikilia kwa sababu oti zetu zilizobanwa ni kavu sana, na zisipokunywa mapema zitakunywa unyevu wa keki ikiwa tayari ovenini. Baada ya hapo tia yai lililopigwa, kisha unga uliochekechwa pamoja na viungo na soda, ukoroge mpaka usione tena unga mkavu, na usiendelee kukoroga. Mimina katika bati la mraba la sentimita 20 lililotandikwa karatasi ya kuokea, uoke kwa nyuzi 160 za Selsiasi kwa takriban saa moja. Imeiva pale kijiti kikichomwa katikati kinapotoka bila uji na kingo zinapoanza kujitenga na bati. Usiikate siku hiyo. Sababu yake utaiona katika jibu nililompa msomaji wa Webuye hapa chini.

*Mama, sisi wa Muhoroni tumezungukwa na miwa, na kaka yangu hununua molasi ya kulishia ng'ombe kwa bei rahisi sana. Kwa kuwa shira nyeusi ya Waingereza ni masalio ya sukari, je, molasi hii si kitu kile kile? — Msomaji, Muhoroni*

Vinatokana na miwa vyote viwili, lakini usiitumie, ndugu yangu. Molasi ya mifugo ni kile kinachobaki baada ya kiwanda kuikamua sukari hadi haiwezekani tena, na kwa hiyo ina uchungu na chumvichumvi isiyofaa kinywani. Lililo kubwa zaidi ni kwamba haihifadhiwi wala kusafirishwa kama chakula cha watu: hukaa katika mapipa na matangi ambayo hujui yalibeba nini jana, na baadhi ya wauzaji huizimua kwa maji au kuichanganya na yurea kwa ajili ya ng'ombe. Mwachie kaka yako molasi yake, nawe ununue sukari guru sokoni.

*Kwa mhariri wa safu. Mimi ni fundi wa keki hapa Nakuru na sina shida na keki za harusi. Nilioka parkin kwa kufuata vipimo vya kitabu cha Kiingereza nilichoazimwa, ikaumuka vizuri kwa nusu saa, kisha ikabonyea katikati na kubaki mbichi hapo. Nilirudia nikapata vilevile. Kosa liko wapi? — Fundi, Section 58, Nakuru*

Fundi, mikono yako haina kosa. Kosa ni la vipimo vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi iliyo karibu na usawa wa bahari. Nakuru iko katika mwinuko wa takriban mita 1,850, na huko juu hewa ina mgandamizo mdogo, hivyo maji huchemka yakifikia kama nyuzi 94 badala ya 100, na gesi inayotolewa na bekingi soda hutanuka kupita kiasi. Keki huinuka upesi kabla wanga na yai havijashika, viputo hupasuka, na kwa kuwa parkin ni nzito kwa shira na oti, haina nguvu ya kujisimamisha kama keki yako ya harusi yenye mayai mengi. Sukari nayo huchelewesha kushika kwa wanga, na keki hii ina sukari nyingi.

Punguza soda ibaki robo tatu ya kijiko cha chai kwa vipimo nilivyompa msomaji wa Kisumu. Punguza pia sukari ya kahawia kwa kijiko kimoja kikubwa na uongeze vijiko viwili vikubwa vya maziwa, kwa sababu unyevu hukimbia mapema penye mwinuko. Watu watakushauri uongeze joto la oveni kwa nyuzi 10 au zaidi, na kwa keki nyepesi wako sahihi, ila kwa parkin nakusihi usizidi nyuzi 165, maana shira huungua pembeni kabla ya katikati kuiva, na uchungu wa sukari iliyoungua kingoni haufichiki. Bati lako liwe pana na keki iwe fupi, isizidi sentimita 3 kabla ya kuokwa, nawe usiufungue mlango wa oveni kabla ya dakika 40 kwisha. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, shida hii ni ndogo zaidi, lakini wasomaji wa Eldoret, walio juu hata kuliko Nakuru, wachukue ushauri huu kwa uzito uleule.

*Mama, mimi sina oveni. Naoka keki kwa sufuria na makaa. Je, keki inayokaa motoni saa nzima haitaungua chini? Pia, mama mkwe wangu anasema badala ya kununua bekingi soda ningetumia magadi tunayotilia maharagwe, au munyu wa kienyeji. Nimsikilize? — Msomaji, Kakamega*

Dada, sufuria yako inaifaa keki hii kuliko unavyodhani, kwa kuwa parkin inataka moto wa pole, na moto wa pole ndio makaa yanayojua kuutoa. Kabla ya oveni kuenea majumbani, parkin yenyewe iliokwa juu ya bamba lililopashwa moto. Chukua sufuria kubwa nzito, uitandike mchanga mkavu wa kina cha sentimita 2 au 3, uifunike na kuipasha kwenye jiko kwa robo saa. Nyunyiza unga kidogo kwenye kipande cha karatasi ya kuokea na ukiweke ndani: ukipata rangi ya kahawia hafifu baada ya dakika 5 hivi, joto ni sawasawa, na ukikolea mapema zaidi, punguza makaa. Ingiza bati la keki juu ya mchanga, funika, kisha uhamishie sehemu kubwa ya makaa juu ya kifuniko na kuacha machache tu chini, kwa sababu keki yenye shira nyingi huungua upesi upande wa chini. Tandika karatasi mbili chini ya bati badala ya moja. Ongeza makaa ya juu mara moja katikati ya safari, ukitumia koleo na bila kukifunua kifuniko.

Juu ya magadi, naomba umjibu mama mkwe kwa heshima zote kwamba magadi hulainisha maharagwe vizuri lakini hayafai keki. Yale ya Ziwa Magadi ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, ilhali bekingi soda ni bikaboneti tupu; kaboneti ni kali zaidi, huacha ladha ya sabuni, na nguvu yake hubadilika kutoka kipande hadi kipande, kwa hiyo hakuna kipimo utakachokiamini. Magadi hayo pia yanaweza kuwa na floridi nyingi, ambayo hudhuru meno ya watoto. Munyu wa majivu nao hauna kipimo. Yeye aendelee kuutia katika mboga zake, ambako hakuna cha kuushinda.

*Mama, nilioka parkin Jumamosi, nikaikata ingali na joto, nikakuta kavu, ngumu juu na inayovunjikavunjika. Mume wangu akasema imeharibika, nasi tukawapa kuku. Jirani anasema ningeiweka wiki nzima. Je, katika joto letu haitaota ukungu? — Msomaji, Webuye*

Jirani yako anasema kweli, na kuku wenu walikula keki iliyokuwa bado haijakamilika. Parkin inayotoka motoni haina budi kuwa hivyo: oti hazijamaliza kulainika, uso umekauka, na tangawizi inachoma ncha ya ulimi bila kuenea kinywani. Ikifungwa vizuri, unyevu ulio ndani husafiri kuelekea kingoni, shira ambayo ina tabia ya kuvuta maji huushikilia, oti hujaa, na uso uliokuwa mgumu hugeuka kuwa wa kunata. Siku ya pili utaona mabadiliko kidogo, na siku ya tatu au ya nne ukipitisha kisu utakihisi kinashikwa, nacho kitatoka na utando mweusi unaong'aa. Hiyo ndiyo parkin aliyoileta wifi wa yule msomaji wa Milimani kutoka Leeds.

Hofu yako ya ukungu ina msingi. Sukari nyingi huwanyima kuvu maji ya kuishi, na ndiyo maana katika baridi ya Yorkshire keki hii hukaa wiki mbili bila shida, lakini Webuye si Yorkshire, na Kisumu yenye joto na unyevu wa ziwa haiko hivyo hata kidogo. Iache ipoe kabisa kabla ya kuifunga, hata ikibidi kulala usiku kucha chini ya kitambaa safi, kwa sababu mvuke unaonaswa ndani ya mkebe hugeuka matone, na penye matone ndipo ukungu unapoanzia. Ifunge kwa karatasi ya kuokea na uiweke katika mkebe wenye kifuniko kinachobana, mahali pasipo jua, ukianza kuila siku ya tatu na kuimaliza ndani ya siku 6 au 7. Usiiweke katika friji, kwa sababu baridi ya friji hukausha wanga wa keki upesi. Ukiona doa lolote la kijani au jeupe lenye manyoya, itupe yote, kwa maana mizizi ya kuvu huwa imekwisha kupenya pasipoonekana.

*Kwa nini unasisitiza tangawizi kavu ilhali mbichi ndiyo tuliyo nayo kila siku kwa chai? — Msomaji, Kericho*

Kwa sababu tangawizi inapokaushwa, kemikali iitwayo jinjaroli, inayoipa ile mbichi ukali wake, hubadilika sehemu yake kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi na hukaa kooni kwa muda mrefu, na ukali huo wa kukaa ndio parkin inaoutaka. Mbichi, ikipikwa, hupungua ukali. Isitoshe, ina kimeng'enya kinachokata maziwa, kama ajuavyo kila aliyewahi kuitia katika maziwa ya chai kabla hayajachemka. Ukitaka harufu yake, ongeza kijiko kimoja kikubwa cha mbichi iliyoparuzwa na kuchemshwa pamoja na shira, lakini usipunguze ile kavu.

*Nimesoma kwamba keki hii hutiwa mafuta ya nguruwe. Sisi ni Waislamu. Je, kuna njia? — Msomaji, Kaloleni, Kisumu*

Ipo, na ni rahisi. Zamani mafuta hayo yalitumiwa kwa sababu yalikuwa ndiyo yaliyokuwapo nyumbani. Siagi tupu, au siagi nusu na mafuta ya mboga ya kuganda nusu, huleta keki iliyo bora kwa ladha. Majarini nyepesi za kupaka mkate ziepuke, kwani zina maji mengi.

*Mama, oti ni ghali kwetu. Je, nikitumia wimbi nitakuwa nimekosea? — Msomaji, Busia*

Hutakuwa umekosea, ila utakuwa umeoka keki nyingine, nami ningependa kuionja. Oti zina ute unaoshika maji, ule unaouona ukivutika katika uji wake, na ute huo ndio unaoifanya parkin iendelee kulainika mkebeni. Wimbi halina ute wa namna hiyo, hivyo keki ya wimbi tupu hukauka na kuwa ya mchangamchanga. Anza kwa kuibadilisha robo ya oti, yaani gramu 50, kwa unga wa wimbi uliokaangwa kidogo katika sufuria kavu mpaka unukie, na uongeze kijiko kimoja kikubwa cha maziwa ya lala, ambayo asidi yake pia itaisaidia soda kufanya kazi. Rangi itakolea zaidi na wimbi litapatana na sukari guru vizuri sana. Ukiona imekubali, jaribu nusu kwa nusu, na utuandikie ilivyokuwa siku ya nne.